Bwawa la Kamba

Mume wangu alianza kupima uani kwa miguu mwezi wa Desemba, siku ambayo joto la Quakers Hill, huku Australia, lilikuwa limeshalainisha kandambili nilizozisahau kwenye sakafu ya nje. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Anaweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kinagusa dole gumba, midomo inacheza kwa kuhesabu, anafika kwenye uzio, anageuka. Nilidhani ameangusha kitu. Nikamwuliza anatafuta nini, akasema, "Hapana, napima tu." Nimeishi na mwanamume huyu muda wa kutosha kujua kwamba neno "tu" likitoka kinywani mwake, nyuma yake kuna gharama inakuja.

Tulipokaa kula, ikatoka. Anataka bwawa la kuogelea. Si lile la plastiki la kupuliza, ambalo watoto wa jirani wanaliweka juani na mbwa analipasua. Anataka la kuchimba, lenye vigae vya bluu na taa chini ya maji.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize kukohoa, akanisogezea glasi ya maji, kisha akanieleza sababu. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano, alikuwa hashindi nyumbani. Kila Jumamosi alitoka asubuhi kwenda kwa rafiki yake mtaa wa nyuma, na kwa huyo rafiki kulikuwa na bwawa. Anarudi jioni ameshakula, anatupa "hi" akiwa ameshafika katikati ya korido, halafu unasikia mlango wa chumba chake unafungwa. "Miaka michache tu hii," mume wangu akasema, "atamaliza shule, ataondoka. Mimi nitakuwa nimemjua kwa sauti ya mlango."

Hapo nikakasirika kweli. Mtu akikuletea wazo la kipuuzi kwa sababu ya kipuuzi, unajua pa kumshika. Huyu alileta wazo la kipuuzi na sababu iliyoniingia moyoni, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kugomba. Nikaondoa vyombo mezani kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika.

Wiki iliyofuata akaja muuzaji wa mabwawa, kijana mwenye shati lililonyooshwa na meno mengi. Alikuwa na tableti ambayo ndani yake ua wetu ulikuwa umeshajaa maji. Katika picha ile alimweka mwanamke wa Kizungu mwenye kofia pana, amejilaza pembeni anasoma kitabu. Nikamwuliza, "Nani huyu?" Akasema huyo ni mfano tu wa jinsi tutakavyoishi. Nikamwambia mfano wake amelala juu ya matembele yangu. Kijana akasogeza kidole, mwanamke akahama, akaenda kulala juu ya mchicha.

Bei aliitaja kwa sauti ya daktari anayewaita ndugu wa mgonjwa pembeni. Kwa fedha ile, Tanga unajenga nyumba, unaezeka, unazungushia ukuta, na inabaki ya kugombania na fundi. Na hapo bado. Sheria inataka uzio kuzunguka bwawa, geti linalojifunga lenyewe, na bango la maelekezo ya kumzindua mtu aliyezama. Halafu kuna pampu, umeme wa pampu, dawa ya maji, na mtu wa kuja kuangalia kama dawa imekubali. Bwawa ni kama ng'ombe asiye na maziwa: liogewe lisiogewe, linakula kila siku. Mume wangu aliyasikiliza yote hayo akitabasamu, akauliza kama taa za chini ya maji zinaweza kubadilika rangi.

Sasa, mimi nimekulia kwenye nyumba ya kamba. Baba yangu alinunua kiwanja nje kidogo ya mji wa Tanga, akapigilia vigingi, akavuta kamba kuonyesha msingi utakapopita, halafu hela ikakata. Kwa miaka yote ya utoto wangu nyumba ile ilikuwa kamba na majani. Lakini hakuna mgeni aliyefika kwetu asipelekwe kuiona. "Hapa sebule," baba anasema. "Hapa chumba cha wageni, wewe ukija utalala hapa." Mgeni anatingisha kichwa, anauliza dirisha litakuwa upande gani, anasema hongera, mmefika mbali. Mama hakuruhusu mtu avuke kamba ovyo. Ukikatiza ukutani unarudishwa upite mlangoni. Ndugu yangu mmoja aliwahi kufinywa kwa kukojoa kwenye kile kilichotarajiwa kuwa jiko.

Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu nusu ya mtaa ilikuwa inaishi hivyo. Kwetu sisi nyumba inaanza kwenye kamba. Matofali yanakuja baadaye, kama yakija.

Kwa hiyo nikamwambia mume wangu: usichimbe kitu. Vuta kamba. Kiangazi hiki chote tutaishi na bwawa lako kana kwamba limejaa maji. Hakuna kukatiza. Litasafishwa. Litawekewa uzio na geti na bango. Na wewe utaanza kulitafutia hela ya marejesho ya mkopo kuanzia sasa, uone inatoka wapi. Kiangazi kikiisha na bado unalitaka, nitatia sahihi bila kusema neno. Nilidhani atakasirika aniambie namfanyia mzaha. Badala yake alivaa viatu akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na vigingi na kamba ya manila, na uso wa mtu aliyekubaliwa posa.

Hela aliijua inatoka wapi. Anafanya kazi kwenye ghala moja huko Seven Hills, anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo, na Jumamosi kulikuwa na ovataimu ambayo siku zote alikuwa anaikataa. Akaikubali. Jumamosi asubuhi, binti anatoka kwenda kwa rafiki yake na baba anatoka kwenda Seven Hills, na mimi nabaki naangalia bwawa.

Lilikuwa bwawa kubwa. Lilianzia karibu na kibaraza na kuishia kwenye bustani yangu, yaani mboga zote ziliangukia kwenye kina kirefu. Kamba ya kuanikia nguo ikabaki ng'ambo. Nilikuwa natoka na beseni la nguo mbichi kiunoni nazunguka pwani nzima, nusu ya maji yananichuruzikia miguuni, nalaani siku niliyofungua mdomo. Geti mume wangu alilitengeneza kwa mlango wa kabati bovu, akalifunga kwa mpira wa baiskeli ili lijifunge lenyewe. Lilijifunga vizuri sana. Lilinipiga makalioni kila nilipopita, na lilikuwa na shabaha.

Bango la kumzindua aliyezama akalichapisha kazini, akalitia plastiki, akalibandika kwenye nguzo. Nikichuma matembele, binti yetu alikuwa anapita dirishani na kusema kwa sauti isiyo na haraka yoyote, "Mum's drowning." Mama anazama. Halafu anaendelea na simu yake. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwezi ule.

Jirani yetu wa kushoto, mzee wa Kiaustralia anayeishi peke yake, ana mkaratusi mkubwa unaomwaga majani upande wetu mwaka mzima. Mume wangu alinunua wavu wenye mpini mrefu. Akirudi Seven Hills jioni ya Jumamosi, bado amevaa koti lake la kung'aa, anasimama nje ya kamba, ananyoosha mpini, anaopoa majani kwenye nyasi moja moja. Nikamwambia ingia uyaokote kwa mkono. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Na viatu hivi?" akasema.

Nyasi za ndani hazikukatwa, maana mashine ya kukatia ni ya umeme na umeme hauingii majini. Zikaota mpaka magotini. Yule mzee akaziona, akadhani tumepatwa na matatizo, na siku moja akaja na mashine yake mwenyewe kutusaidia. Akapita katikati ya bwawa na waya unamfuata nyuma. Mume wangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Tulimshukuru mzee, tukampa chai, na alipoondoka mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hapo tulikuwa tumepoteza mtu.

Mpaka hapo nilijua nimeshinda. Januari ilikuwa inakwisha, ovataimu imemchosha mpaka analala na kijiko mkononi, na binti bado kila Jumamosi yuko mtaa wa nyuma. Alikuwa ameliangalia bwawa la kamba siku moja tu, akasema "You guys are so weird," yaani tuna vituko, akaenda zake. Nilishangaa kwamba ushindi wenyewe haukunifurahisha. Nilikuwa nataka mtoto wangu pia.

Kosa alilifanya mume wangu kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa upande wetu. Akaandika: "Bwawa tumeanza, tunamshukuru Mungu. Karibuni." Hakuweka picha. Nafikiri kwa dhamiri yake alisema ukweli mtupu. Lakini watu walikuwa wamebanwa na joto wiki nzima, na mtu mwenye joto akisoma "bwawa" na "karibuni" kwenye ujumbe mmoja, hasimami kuchunguza neno lililo katikati.

Jumapili mchana nilikuwa jikoni na dera langu la nyumbani nakata vitunguu. Gari la kwanza lilitoka Macquarie Fields. Alikuwa rafiki wa mume wangu, na mkewe, na watoto wao ambao walikuwa wamevaa miwani ya kuogelea tangu walipotoka kwao. Walishuka wakitazama huku na huku kama vyura. Likaja gari la pili, na la tatu. Watu wana mataulo shingoni, wamebeba soda, wamebeba sufuria. Hakuna aliyepiga simu kwanza, na kwa nini apige, wakati ameambiwa karibu? Wa mwisho alikuwa shoga yangu Mkenya, muuguzi, jirani yetu wa Quakers Hill, ambaye alitoka kwenye gari amekumbatia boya la kupuliza lenye sura ya bata, kubwa kuliko mlango.

Nilitamani kujifungia chooni. Lakini walikuwa wameshapita ubavuni mwa nyumba, wakafungua geti la mpira, likawapiga mmoja mmoja, wakasimama uani. Unasikia nzi.

Yule rafiki wa mume wangu aliiangalia kamba kwa muda mrefu. Aliangalia vigingi, akaangalia bango, akaangalia wavu uliosimamishwa ukutani. Halafu akampa mume wangu mkono. "Hongera sana, kaka," akasema. "Hii ni hatua kubwa. Wengi hawafiki hapa." Mkewe akaniuliza kina kirefu kiko upande gani. Nikamwonyesha kwenye matembele. Akamvuta mtoto wake mdogo mkono, akamsogeza mbali na ukingo.

Sijawahi kuwapenda watu wa kwetu kama siku ile. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza maji yako wapi. Wengine waliniuliza kuhusu vigae. Mkenya peke yake ndiye aliyebaki amesimama na bata wake. "Sasa nyinyi," akasema, "hii ni swimming pool ama ni mahali polisi wamepata maiti?" Nikamwambia ni bwawa, bado halijachimbwa. Akafikiri. "Na mimi nimenyoa miguu juu ya hii kamba," akasema. Lakini alipotaka kwenda kukaa kivulini upande wa pili, niligundua amezunguka.

Nikapika pilau, ningefanyaje? Tukala tumesimama kando ya maji ambayo hayapo, na kila mtoto aliyesogeza mguu alikemewa, utazama wewe, rudi huku. Ndipo binti yetu akarudi nyumbani kutoka mtaa wa nyuma, na kwa mara ya kwanza alikuwa na yule rafiki yake, msichana mwembamba mwenye madoadoa puani. Walikuja kuchukua chaja ya simu. Wakatokea kwenye kibaraza, wakakuta umati mzima wa watu wazima wameshika sahani na mataulo, wamelizunguka eneo la nyasi ndefu, na hakuna anayekanyaga ndani.

Nilimwona binti yangu anavyojikaza midomo. Nikajua sasa ataona aibu, atageuka, na hatarudi mpaka Jumatatu. Rafiki yake ndiye aliyesema. Alimwuliza mume wangu, kwa adabu kabisa, kama wanaweza kuogelea. Mume wangu naye akajibu kwa uzito wa mwenye mali kwamba wanaweza, lakini kwanza wapite chini ya bomba wajimwagie maji, hiyo ni sheria. Wakaenda wakajimwagia. Kisha binti yangu akarudi nyuma hatua kadhaa, akakimbia, akajitupa kwa tumbo kwenye nyasi, akateleza mpaka kwenye mchicha.

Wale watoto wa Macquarie Fields walikuwa wamevaa miwani tangu kwao. Hawakusubiri ruhusa. Wote wakaingia kwa pamoja, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikachukua mpira wa kumwagilia bustani nikaufungulia mpaka mwisho, nikaanza kulijaza bwawa. Mkenya akaingia na bata. Ndani ya muda mfupi hapakuwa na nyasi wala mchicha, palikuwa na tope na makelele, na matembele yangu yamekanyagwa kiasi kwamba yalibakiza chumvi tu yaliwe. Nilipiga kelele watoke kwenye mboga. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayecheka, kwa hiyo hawakutoka.

Jioni, tukiwasugua miguu kibarazani, yule msichana mwenye madoadoa akatuambia kwamba hilo lilikuwa bwawa zuri kuliko la kwao. La kwao lilikuwa la kijani. Pampu ilikufa tangu kabla ya baridi, baba anasubiri mama amwite fundi, mama anasubiri baba, na sasa kuna vyura. Kiangazi chote kile hakuna mtu aliyetia hata kidole. Nikamgeukia binti yangu. "Kumbe Jumamosi zote mnafanyaga nini kule?" Akainua mabega. "Nothing. We just sit," akasema. Wanakaa tu.

Mtu mwenye akili angelishika neno hilo hapo hapo. Mume wangu alishika la kwanza tu, kwamba bwawa lake limelishinda la Wazungu.

Jumamosi iliyofuata wasichana wakaja kwetu. Na iliyofuata. Nilikuwa nimerudisha kamba na kupigilia upya vigingi vilivyong'oka, na wao wakaanzisha mashindano ya kupiga mbizi kutoka kwenye stuli ya jikoni, mimi nikafanywa hakimu. Nilikaa kwenye kiti na kijiko cha mti mkononi, kila anayeruka namnyooshea alama. Wakinituhumu upendeleo nawafukuza bwawani. Wakichoka wanalala kwenye kina kifupi, wananisimulia habari za shule, walimu gani hawana maana, nani hasemi na nani. Binti yangu ananijibu kwa Kiingereza na mimi namwuliza kwa Kiswahili, na mambo yanakwenda. Nilijua mengi kuhusu maisha yake katika wiki zile kuliko mwaka mzima uliopita.

Mume wangu alikuwa Seven Hills. Alirudi jioni, rafiki ameshaondoka, binti ameshaingia chumbani, mlango umefungwa. Anakaa mezani na koti lake la kung'aa, ananiuliza, "Leo walikuja?" Walikuja. "Walifanya nini?" Nami namsimulia: nani aliruka vipi, nani alisema nini. Anasikiliza uma ukiwa hewani. Ananirudisha nyuma nikiruka kitu. Siku moja nikamwambia, "Wewe unakosa mambo hapa." Akasema, "Si ndiyo nayalipia?" Aliamini kabisa. Aliliona bwawa linafanya kazi, mtoto karudi nyumbani, kwa hiyo kazi ya baba ni kwenda kutafuta hela ya kulichimba. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kula, na nilishindwa pia kumwambia, kwa sababu mimi ndiye niliyeweka masharti.

Mwezi wa Machi akampigia simu muuzaji. Joto lilikuwa linapungua, kiangazi kimekwisha, bado analitaka bwawa, na mimi nilikuwa nimetoa ahadi. Muuzaji akasema atakuja Jumamosi na karatasi za kusaini. Mume wangu akabadilishana zamu na mwenzake ili awepo.

Asubuhi hiyo alikuwa mezani kibarazani, amenyoa ndevu, amevaa suruali yake ya ibada na shati jeupe. Binti yetu akatoka jikoni na mkate mkononi, akamwona, akasimama.

"Baba? Are you sick?"

Akamwambia hapana, haumwi, mzima kabisa.

"Did you get fired?"

Mume wangu akacheka, akasema wala hajafukuzwa kazi, yuko nyumbani tu. Alicheka peke yake. Mtoto hakukusudia ubaya hata kidogo, alikuwa ana wasiwasi kweli, alitaka kujua baba amepatwa na nini mpaka aonekane nyumbani siku ya Jumamosi. Iliniuma kuliko kama angekuwa amemtukana.

Muuzaji alifika na meno yake, akapanga karatasi mezani, akampa mume wangu kalamu. Akamaliza na maswali madogo madogo. Ngazi zikae upande gani, taa za rangi gani, kina kifike wapi. Akasema ili ashauri vizuri kuhusu kina, angependa kujua humu ndani nani anaogelea vizuri na nani bado anajifunza. Alisema kama mtu anayeuliza nani anatumia sukari.

"Huyu anaogelea," mume wangu akasema, akamwonyesha binti. "Mama yake hapana." Akaigeuza kalamu. "Na mimi sijui."

Binti yetu akaweka mkate chini. "You can't swim? At all?"

"Ukerewe tulikuwa na mamba," baba yake akasema.

Hilo mimi nilikuwa nalijua. Mume wangu amezaliwa kisiwani, maji pande zote, na hajawahi kuingia zaidi ya magoti. Kiangazi chote kile hakuna mtu aliyewahi kuuliza, na yeye hakuona kama linahusika.

"So what were you gonna do in it?" binti akauliza. Sasa humo bwawani ulitaka ufanye nini?

"Mimi ningekaa pale pembeni," mume wangu akasema. Alionyesha kwa kalamu, karibu na nguzo yenye bango. "Ningeweka kiti. Nikuangalie wewe."

Binti akaangalia ile sehemu, akamwangalia baba yake, koti la kazini limetundikwa nyuma ya kiti chake.

"When?" akasema.

Lini. Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua ratiba. Muuzaji akajifanya kusoma tableti yake, kijana wa watu, ikawa imezimika na yeye anaendelea kusoma.

Mume wangu akaitazama ile kalamu. Akaiweka mezani taratibu, juu ya karatasi, akaisawazisha ilale sawa na ukingo.

Binti yetu alikuwa ameshashika simu. Tulimsikia anamwambia rafiki yake asije leo. "My dad's home," akasema, baba yuko nyumbani, basi, akakata. Uso wa mume wangu ukaanguka. Alidhani amemharibia mtoto siku yake. Akaanza kusema wasijali, yeye atakaa ndani, wacheze tu, lakini binti alikuwa ameshavua viatu na ameshamshika mkono wa shati.

"Get in," akamwambia. "Come on. I'll hold you." Ingia, nitakushika.

"Na suruali hii?" mume wangu akauliza.

Suruali hiyo hiyo. Alimwingiza kwa kina kifupi, hatua kwa hatua, baba anainua miguu juu juu kama kuku kwenye umande. Akamlaza kifudifudi kwenye nyasi, akampitishia mkono mmoja chini ya tumbo ili asizame, akaanza kumfokea kwa Kiingereza apige miguu, apumue pembeni, asikaze shingo. Mume wangu alipiga miguu. Alipiga kwa nguvu zake zote, majani yanamwingia mdomoni, shati jeupe limekuwa la kijani, na kila akijaribu kusimama anaambiwa bado. Yule mzee jirani alitokeza kichwa juu ya uzio, akaangalia, akarudi kwake.

Muuzaji alisubiri kwa adabu. Alisubiri vya kutosha. Mwishowe akakusanya karatasi zake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ingefaa arudi Jumamosi ijayo, labda mume wangu atakuwa na nafasi ya kusaini.

Nikamwambia hapana. Jumamosi ijayo mume wangu ana shughuli.